Ripoti ya notchi ya V imerudi na wino mwekundu: “makosa ya kibinadamu” kumbe siyo jibu?

Dogo_wa_Nyegezi

Wakuu, mwangaluka. Nipo mwaka wa pili uhandisi ujenzi, hapa hapa Mwanza. Ripoti yangu ya maabara ya haidroliki imerudi na 9 kati ya 20, na nimepewa hadi Jumatatu niirudishe. Jaribio lilikuwa notchi ya V ya nyuzi 90, yaani bamba lenye mkato wa V ambao maji yanapitia: unapima kimo cha maji H juu ya ncha ya chini ya notchi, unakinga lita 10 huku stopwochi inakimbia, kisha unatafuta Cd, yaani mtiririko halisi ukigawanywa kwa ule wa nadharia.

Data zangu:

H 30 mm, sekunde 50.4
H 40 mm, sekunde 23.8
H 50 mm, sekunde 13.5
H 60 mm, sekunde 8.5

Nikapata Cd 0.5388, 0.5558, 0.5609 na 0.5648, wastani 0.555075. Grafu ya logi Q (mtiririko, yaani ujazo kwa muda) kwa logi H imenipa mteremko 2.57 badala ya 2.5. Vitabu vinasema Cd iwe karibu 0.58 hadi 0.60.

Kwenye mjadala niliandika: “Tofauti kati ya matokeo na nadharia imesababishwa na makosa ya kibinadamu, kasoro za vifaa na hali ya mazingira.” Mhadhiri amepiga mstari sentensi nzima na kuandika pembeni: *Kosa gani? Upande upi? Kiasi gani?* Kwenye grafu kaandika “haisomeki”, na kwenye utaratibu “umenakili karatasi ya maelekezo”. Ripoti ina kurasa 14, sikufanya uvivu. Naomba mnisaidie, hayo maswali matatu yanajibiwaje?

FundiSanifu_Igoma

Dogo, data zako si mbaya. Zinakwambia kitu na wewe umezipita.

Zisome Cd zako kwa mpangilio: 0.539, 0.556, 0.561, 0.565. Zinapanda kila H inapopanda. Kosa la kubahatisha halipandi ngazi hivyo. Lingerusha namba moja juu, nyingine chini. Ukiona mpangilio, ujue kuna kosa la kimfumo, yaani kitu kimoja kilichokosewa kwa namna ileile katika vipimo vyote vinne. Kwa hiyo maneno “makosa ya kibinadamu” hayajibu chochote, maana binadamu aliyekosea hovyohovyo asingetoa mstari mnyoofu kiasi hicho.

Sasa swali la upande. Kanuni ni Q = (8/15) × Cd × √(2g) × tan(θ/2) × H kwa kipeo cha 2.5, ambapo g ni mchapuko wa uvutano wa dunia na θ ni pembe ya notchi. Kwa nyuzi 90, tan ya 45 ni 1, na sehemu isiyo na Cd inakuwa 2.362 × H^2.5 kama H ni mita na Q ni mita za ujazo kwa sekunde. Kipeo cha 2.5 maana yake kosa la asilimia 1 kwenye H linakuwa asilimia 2.5 kwenye Cd. Chukua kosa la milimita 1. Kwenye H ya 60 ni asilimia 1.7, likizidishwa linakuwa kama 4. Kwenye H ya 30 milimita hiyohiyo ni asilimia 3.3, likizidishwa linazidi 8. Kosa moja la urefu linauma zaidi kwenye H ndogo. Kama H zako zote ni kubwa kuliko halisi, Cd zote zitashuka, na ya 30 mm itashuka zaidi ya nyingine. Ndicho ulichonacho mezani.

Kiasi gani? Usikisie, data yenyewe itakwambia. Pandisha Q kwa kipeo cha 0.4, iweke kwenye mhimili wa wima, na H mhimili wa mlalo. Kama nadharia ni sahihi, Q^0.4 inakwenda sambamba na H, hivyo lazima upate mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri. Q zako ni 0.198, 0.420, 0.741 na 1.176 lita kwa sekunde. Zibadilishe kuwa mita za ujazo kwanza, halafu upate 0.0330, 0.0446, 0.0560 na 0.0673. Mstari wake unakata mhimili wa H kwenye 1.0 mm, si kwenye sifuri. Mteremko ni 1.142 kwa mita, ukiupandisha kipeo cha 2.5 unapata 1.39, gawa kwa 2.362, Cd ni 0.59.

Kwa hiyo sifuri ya geji yako ya ndoano (ile yenye ncha iliyopinda ya kusoma kimo cha maji) ilisomwa chini ya ncha ya notchi kwa milimita 1 hivi. Sababu inayotokea mara nyingi ni bamba la notchi kuvuja kidogo pembeni kwenye gundi: unajaza maji hadi nchani, unakwenda kuita wenzako, mkirudi maji yameshashuka, mnasoma hiyo kama sifuri.

Na usiishie hapo, waondoe na washukiwa wengine kwa sababu. Geji ikikaa karibu mno na notchi inasoma maji yaliyoanza kuinama ili yamwagike, H inakuwa ndogo kuliko halisi na Cd inapanda. Kwako imeshuka, si hilo. Maji kunata kwenye bamba wakati H ni ndogo huongeza Cd ya chini, kwako ya chini ndiyo ndogo kuliko zote, si hilo pia. Aya moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa zako tatu za historia ya notchi.

Stopwochi_Mbovu

Nakubaliana na fundi ila amemsahau mshukiwa mmoja, mimi mwenyewe (jina langu hapo juu).

Stopwochi ikichelewa kuanzishwa, muda unasomeka mfupi kwa kiasi kilekile kila mara. Sekunde 0.45 kwenye 50.4 si kitu, ila kwenye 8.5 ni zaidi ya asilimia 5. Q ya juu inavimba, Cd ya juu inapanda, na unapata ngazi inayopanda kama ile ile ya fundi. Mpangilio mmoja, wahalifu wawili.

Unawatofautisha hivi. Ongeza 0.45 kwenye kila muda, kokotoa upya. Cd zinakuwa 0.534, 0.545, 0.543 na 0.536. Zina kinundu katikati, na wastani ni 0.54, mbali kabisa na 0.58. Toa milimita 1 kwenye kila H badala yake: 0.586, 0.592, 0.590 na 0.589. Zimelala. Kosa la sifuri linaeleza data vizuri zaidi. Lakini kwenye ripoti andika kwamba ulijaribu yote mawili na kwa nini umechagua moja. Msomaji makini atauliza tu.

Halafu hata kama stopwochi si mhalifu mkuu, kukinga lita 10 kwa sekunde 8.5 ni kujitafutia kesi. Mkono wa mtu unakosea kama sekunde 0.3 kuanzisha na kusimamisha. Hiyo ni asilimia 3.5 kwa H ya 60, na asilimia 0.6 tu kwa H ya 30. Kwa mtiririko mkubwa kinga lita 40, au kinga kwa muda usiopungua sekunde 30 kisha pima ujazo. Na rudia mara tatu kwa kila H. Naona ulipima mara moja moja. Sema hivyo wazi kwenye utaratibu, usijifanye ni wastani.

Mama_Tarakimu

Mwanangu, wamekueleza fizikia, ngoja nikueleze karatasi.

Wastani 0.555075 ndio umenishtua. Geji yako inasomeka hadi nusu milimita. Kwenye 40 mm hiyo ni asilimia 1.25, mara 2.5 ni 3.1. Muda ni asilimia 1.3. Mistari ya ndoo, tuseme desilita 1 kwa lita 10, asilimia 1. Ukivipandisha mraba, ukajumlisha, ukatafuta kipeuo cha pili, unapata asilimia 3.5, yaani 0.02 kwenye Cd ya 0.59. Tarakimu ya pili ya desimali tayari ina shaka, sasa ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita umezitoa wapi? Kwenye kikokotoo. Andika 0.59 ± 0.02. Katikati ya hesabu beba tarakimu nne, usikate mapema, ukate mwishoni tu.

Ukitengeneza jedwali la vyanzo hivyo vya shaka kwa kila H utaona jambo zuri la kuandikia: kwenye 30 mm kosa kubwa ni la H (asilimia 4.2), kwenye 60 mm kosa kubwa ni la muda. Mapendekezo yako yanajiandika yenyewe kutoka hapo. Achana na “vifaa vya kisasa zaidi vinunuliwe”.

Grafu. Kwenye Excel ukichagua chati ya mstari, inapanga nukta kwa nafasi sawa bila kujali thamani za mlalo. H zako zimepishana 10 kwa 10 kwa hiyo hukuona madhara, ila ukiweka logi za H kwenye chati hiyo mteremko wote ni uongo. Chagua chati ya nukta. Nukta ziwe nukta, usiziunganishe kwa zigizaga. Kinachopita katikati yake ni mstari wa nadharia au mstari bora. Kila mhimili uwe na jina la kiasi, alama yake na kipimo: “Kimo cha maji, H (mm)”. Ile “Series1” pembeni ifute, na kile kichwa cha juu “Chart Title” ndugu zangu, kila mwaka kinapita kwenye ripoti. Maelezo ya jedwali yanakaa juu ya jedwali, ya grafu yanakaa chini ya grafu, na lazima sentensi fulani kwenye ripoti imwambie msomaji aende kuitazama na aone nini. Grafu isiyotajwa popote iondoe.

Usitegemee R² ikutetee. Ya data zako inazidi 0.99 na bado kuna milimita nzima ya kosa ndani yake. R² inasema nukta zimekaa karibu na mstari, haisemi mstari ni sahihi. Kilichokushtua ni mteremko 2.57, na ulifanya vizuri kuuandika. Wengi wangeuzungusha kuwa 2.6 na kusema “unakaribiana na nadharia”.

Utaratibu: karatasi ya maelekezo inaamuru, ripoti inasimulia kilichofanyika. Karatasi inasema “subiri maji yatulie”. Wewe ulisubiri muda gani? Dakika 3? Andika dakika 3. Geji ilikuwa umbali gani nyuma ya notchi? Nani alisoma, nani alishika stopwochi, si lazima majina, sema tu ni mtu mmoja au wawili, maana inabadilisha kosa la muda. Kipimo cha utaratibu mzuri ni kwamba mwenzako wa mwaka wa kwanza akiusoma arudie jaribio bila kukuuliza.

Kurasa 14 ni nyingi. Jaribio hili linatosha kurasa 6, na hesabu: onyesha mfano mmoja kamili kwa H moja, nyingine zipeleke kwenye kiambatisho.

Dogo_wa_Nyegezi

Nashukuru sana wakuu, na mama hapo juu shikamoo. Nimechora Q^0.4 na kweli mstari unakata kwenye 1 mm, nimeshangaa.

Swali: sasa kwenye jedwali niandike H kuwa 29, 39, 49 na 59 moja kwa moja? Maana ndizo sahihi, na ripoti itapendeza. Na hii aya mpya ya mjadala imekaaje: “Cd iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko ya kwenye vitabu kwa sababu ya kosa la kimfumo katika kusoma geji ya ndoano, ambalo liliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa.”

FundiSanifu_Igoma

Hapana. Hapana kabisa. Ulichosoma ni 30, 40, 50 na 60, na jedwali la data ghafi litabaki hivyo hadi mwisho wa dunia. Ukibadilisha hapo si marekebisho tena, ni kughushi, na ukigundulika hata kilicho sahihi hakitaaminiwa. Ongeza safu nyingine, “H baada ya kurekebisha sifuri”, na safu mbili za Cd, kabla na baada. Msomaji aone njia uliyopita.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Hiyo milimita 1 umeitoa kwenye data ileile unayotaka kuisahihisha. Ni dhana nzuri, lakini bado ni dhana hadi mtu akaipime kwenye kifaa. Tumia maneno “inaashiria”, usitumie “imethibitisha”.

Aya yako imejibu swali la kwanza, la pili umeligusa, la tatu umeliruka. “Kwa kiasi kikubwa” si kiasi. Ningeiandika hivi, nawe utaiweka kwa Kiingereza maana ndiyo lugha ya ripoti zenu:

“Cd ilipanda kutoka 0.54 kwenye H ya 30 mm hadi 0.56 kwenye 60 mm. Mpangilio huu unaashiria kosa la kudumu kwenye H, si kosa la kubahatisha. Grafu ya Q^0.4 kwa H (Mchoro 2) inakata mhimili wa H kwenye 1.0 mm, hivyo H zote zilisomwa kubwa kwa takriban 1 mm. Baada ya kuondoa kiasi hicho, Cd ilibaki kati ya 0.586 na 0.592 bila kupanda wala kushuka kwa mpangilio, wastani 0.59 ± 0.02, ndani ya masafa ya vitabuni. Kuchelewa kwa stopwochi kwa sekunde 0.45 kungeweza pia kutoa mpangilio unaopanda, lakini marekebisho hayo yanaacha Cd kwenye 0.54 na hayanyooshi data.”

Sentensi tano. Nne kati yake zina namba. Ukizitafsiri, zikate fupi hivyohivyo. Ugonjwa wa ripoti zetu nyingi ni kwamba mtu anafikiri kwa Kiswahili, anataka kuonekana msomi kwa Kiingereza, anazalisha sentensi ya mistari minne ambayo hata yeye ukimwomba aieleze kwa mdomo hawezi. Fanya jaribio dogo: mweleze mwenzako kwa Kiswahili ulichogundua, kama kinaingia kwenye sentensi moja, hiyo ndiyo sentensi ya kuandika.

Sangara_wa_Kirumba

Samahani kwa kudandia uzi. Sisi tulikuwa na jaribio la joto, maji yakachemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Kundi letu lote tumeandika “kipimajoto kina kasoro”. Na hiyo ni kosa la sifuri?

Mama_Tarakimu

Kipimajoto chenu ni kizima, mmekisingizia bure.

Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza yote iko hapo au juu yake. Kanieneo ya hewa kwa kimo hicho ni kama kilopaskali 88, si 101 kama ya pwani. Maji huchemka mvuke wake unapofikia kanieneo ya hewa inayoyazunguka, na kwa kilopaskali 88 hilo hutokea karibu nyuzi 96. Jibu lenu lilikuwa sahihi mkaliandikia kosa! Andikeni kanieneo ya siku ile kama maabara ina baromita, tafuteni joto la mchemko kwenye jedwali la mvuke kwa kanieneo hiyo, mlinganishe na hilo. Ule 100 ni wa usawa wa bahari.

Jambo hilihili linawaumiza watu kwenye pampu na kompresa. Geji ya kanieneo inasoma ziada juu ya hewa ya nje. Ukitaka kanieneo kamili unaongeza hewa ya hapa, na wengi wanaongeza 101.3 kwa mazoea ya kitabu. Geji ikisoma kilopaskali 50, kamili ya Mwanza ni 138 hivi, si 151. Uzito wa hewa nao: kwenye nyuzi 25 chukua kama kilo 1.03 kwa mita ya ujazo, si 1.18. Kwenye jaribio la feni hiyo ni tofauti ya asilimia zaidi ya 12.

Lakini g iacheni. Hapa ni karibu 9.78 badala ya 9.81, tofauti ya asilimia 0.3, na kwenye notchi iko ndani ya kipeuo cha pili kwa hiyo inapungua hadi 0.15. Ukiandika aya nzima juu ya g wakati H yako ina kosa la asilimia 4, umemkamata panya ukamwacha fisi.

Kyubu_150

Nami niongeze la zege kwa wa ujenzi, maana kesho kutwa mtakuwa huko na makosa ni yaleyale.

Kyubu ya majaribio, yaani mchemraba wa zege wa milimita 150 kila upande, ina uso wenye eneo la 22,500 mm². Mashine ikisoma 562 kN, nguvu ni 25.0 N/mm². Desimali moja basi, msiniletee 24.9778. Pimeni uzito kabla ya kuvunja. Kyubu nzuri ya zege la kawaida ni kama kilo 8.1. Mkipata kilo 7.6, msongamano ni kilo 2,250 tu kwa mita ya ujazo, hapo zege halikushindiliwa vizuri, ina matundu, na mmeshapata sababu ya nguvu ndogo kabla hata ya kuwasha mashine. Andikeni tarehe ya kumwaga na umri kwa siku, kwa sababu kyubu ya siku 7 ina takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Na chora ilivyovunjika: ikibaki kama piramidi mbili zinazotazamana kwa ncha, ni sawa, ikipasuka upande mmoja, haikukaa katikati ya bamba au uso wake haukuwa bapa, na namba hiyo ina mashaka hata kama inapendeza.

Ila napingana na mama kwenye kurasa 6. Vyuo vingine vinataka nadharia kamili na kutoa alama kwa hiyo. Soma mgawanyo wa alama kwanza ndipo ukate.

Mama_Tarakimu

Hapo umenishinda, kyubu. Mgawanyo wa alama ndio bosi. Ila nadharia iishie kwenye kanuni utakazotumia na kila alama ielezwe pamoja na kipimo chake, mengine hayana kazi.

Na mpangilio wa kuandika, dogo, usianzie utangulizi. Anza na jedwali na grafu siku ileile ya maabara, ukiwa bado unakumbuka bomba lipi lilikuwa linavuja. Kisha mjadala, hitimisho, utaratibu, utangulizi, na ikisiri mwisho kabisa. Ikisiri maneno 120 yanatosha, ila lazima iwe na 0.59 ± 0.02 ndani yake. Wengi wanaandika “matokeo yamejadiliwa”, kama vile tangazo la sinema.

Dogo_wa_Nyegezi

Nimeelewa sasa. Nimezungumza na fundi wa maabara, ameniruhusu kesho saa 3 asubuhi niingie nikague sifuri ya geji kabla kundi lingine halijaanza. Nina nusu saa tu. Nifanye nini hasa?

FundiSanifu_Igoma

Nusu saa inatosha. Funga vali ya pampu. Usijaze hadi maji yamwagike kisha ukasubiri yaache kudondoka, hiyo njia ya mkato inadanganya: maji yananing'inia kwenye ncha kwa mvutano wa uso na kubaki juu yake kwa milimita moja au zaidi. Anzia chini. Maji yakiwa chini ya ncha, inama utazame notchi kutoka upande wa mfereji. Utaona V na taswira yake iliyopinduka majini, katikati kuna pengo. Ongeza maji kwa jagi, kidogo kidogo, ukimimina mbali na notchi ili yasitikisike. Pengo likifungwa, ncha ya V ikagusa ncha ya taswira yake, maji yapo kwenye sifuri.

Hapo hapo shusha ndoano hadi izame, kisha ipandishe taratibu mpaka ncha yake ianze tu kusukuma uso wa maji kutoka chini, utaona kichunusi kidogo kikimetameta. Soma. Rudia mara tatu, kila mara ukitokea chini, andika zote tatu. Ukishasoma mara ya kwanza linganisha na sifuri mliyoandika siku ya jaribio. Ikiwa mpya imezidi ya zamani kwa kama milimita 1, dhana yako imepata shahidi.

Kisha usiguse kitu, washa stopwochi, subiri dakika 5, soma tena. Kama maji yameshuka, kuna uvujaji, na kasi ya kushuka kwa dakika itakueleza kama muda mliochelewa siku ile unatosha kufikia milimita 1. Pitisha kidole kavu ukingoni mwa bamba upande wa nje, chini hasa kwenye pembe mbili, ndiko gundi huachia kwanza. Kama maji hayakushuka hata kidogo, basi sababu si uvujaji, uandike hivyo, na uangalie kama skrubu ya geji imelegea.